Maganda, mbegu na mioyo ya matunda: mithai nilizojifunza kwa Aji

Wengi wakisikia kwamba napika halwa ya ganda la tikitimaji huniuliza swali moja: ganda lina utamu gani hata lipikiwe halwa? Halina utamu wowote, nami nalipendea hilo. Ukizitazama vizuri mithai, yaani vitamutamu vya Kihindi, utaona kwamba nyingi zimejengwa juu ya vitu ambavyo vyenyewe ni chapwa. Unga wa dengu, choroko, suji (ngano iliyosagwa chengachenga), mung'unye: vyote huingia karaini bila ladha ya kujivunia, vikatoka vitamu kwa samli, sukari, maziwa, iliki na subira ya mpishi. Mbele ya mung'unye, weupe wa tikitimaji hauna upungufu wowote. Vivyo hivyo mbegu za fenesi na moyo wa nanasi. Kila kimoja kina ndugu yake ambaye Wahindi wamekuwa wakimpika tangu zamani, na kazi yako ni kumtambua ndugu huyo, kisha ufuate njia yake.

Haya niliyajifunza Pune, katika jimbo la Maharashtra, nilikokwenda kusoma. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja mwenye asili ya Konkan, ule ukanda wa pwani ya magharibi ya India wenye minazi, mikorosho, mifenesi na maembe ya Hapus ya Ratnagiri. Majirani wote walimwita Aji, yaani bibi, nami nikamwita hivyohivyo. Yeye aliniita beta, yaani mwanangu, kama alivyowaita wajukuu zake. Alipika ameketi sakafuni, mbele yake ana vili: kisu kilichopinda, kimesimamishwa juu ya kibao, na kwenye ncha yake kuna kichuma cha duara chenye meno cha kukunia nazi, kama mbuzi yetu. Kwa vili hiyo alikata, alimenya na kukuna, na kila kilichoanguka kibaoni alikikagua kwanza kabla ya kukiita taka.

Aprili moja ya joto kali tulikula tikitimaji, nikaanza kukusanya maganda.

"Hayo unayapeleka wapi?" akaniuliza.

"Nakwenda kuyatupa, Aji."

"Beta, tikitimaji hilo ulipimiwa zima, au ulipimiwa wekundu peke yake?"

Akanyoosha mkono nimpe. Karibu theluthi ya uzito wa tikitimaji ni ganda, na sehemu kubwa ya ganda ni ule weupe mgumu ulio kati ya ngozi ya kijani na nyama nyekundu. Jioni ile nilikaa kando yake nikatazama kila hatua, na mpaka leo halwa hiyo naipika vile vile.

Kwanza ngozi ya kijani inamenywa yote, maana haiivi. Wekundu kidogo ukibaki upande wa ndani si vibaya, hutoa rangi ya kupendeza. Weupe unakwaruzwa kwenye matundu makubwa, hausagwi, kwa sababu halwa hii inataka nyuzi za kutafuna. Kisha unakamuliwa. Zaidi ya asilimia 90 ya weupe huo ni maji, na usipoyatoa utakesha jikoni ukingoja yakauke. Aji alikamua konzi kwa konzi, na yale maji hakuyamwaga: aliyaweka kando, akayatumia baadaye kuchemshia shira.

Kwa nusu kilo ya weupe uliokwaruzwa natumia vijiko vitatu vya samli. Samli ikipata moto weupe unaingia, na kazi ya pua inaanza. Mwanzoni karai lote litanuka tango, kwa kuwa tikitimaji na tango ni ukoo mmoja. Endelea kugeuza kwa moto wa wastani mpaka harufu ile iondoke na nyuzi zianze kung'aa. Ukitia maziwa kabla haijaondoka, hutaiondoa tena, hata umwage iliki ya namna gani. Baada ya hapo maziwa kikombe kimoja na nusu, na mwiko usitulie, maana maziwa hushika chini upesi. Sukari, gramu 100 hivi, inaingia maziwa yakishakauka.

Hapo kwenye sukari ndipo Aji alipokuwa mkali. "Isiingie kabla nyuzi hazijaiva, beta. Ikishaingia haziivi tena." Ni kweli kabisa, na ina sababu. Sukari hunyang'anya tunda maji na kuzifanya kuta zake zikaze, ndiyo maana tunda lililopikwa ndani ya sukari tangu mwanzo hubaki gumu. Ukitaka ulaini, pika kwanza, tamisha baadaye. Ukitaka vipande vinavyosimama imara, fanya kinyume chake. Kanuni hii moja imenifaa kwenye kila ganda nililowahi kulishika.

Mwishoni unatia mawa, yale maziwa yaliyochemshwa mpaka yakabaki donge, kama gramu 100, pamoja na iliki iliyotwangwa papo hapo. Halwa imekuwa tayari pale samli inapoanza kujitenga na kutambaa kandoni mwa karai. Usiende kwa saa, nenda kwa samli.

Ganda hilohilo lina njia ya pili, na hii inatoka Agra. Mji ule wa Taj Mahal una mithai yake inayojulikana India nzima, petha, inayotengenezwa kwa boga jeupe ambalo ngozi yake hupata ukungu wa nta likikomaa. Masimulizi ya watu wa Agra huihusisha petha na zama za Shah Jahan. Mimi kilichonivuta ni lile boga lenyewe: nyama nyeupe, ngumu, chapwa, imejaa maji. Kwangu hilo ni ganda la tikitimaji kwa jina jingine.

Siri ya petha ni chokaa. Naisema ile ya tambuu, inayoliwa, si ya kupaka ukuta. Kijiko kimoja cha chai kinakorogwa ndani ya lita moja ya maji, kinaachwa kitulie, kisha yanachukuliwa maji maangavu ya juu. Weupe unakatwa vipande vya sentimita mbili na nusu, vinatobolewa kwa uma pande zote, vinalala ndani ya maji hayo usiku kucha. Chombo kiwe cha kioo au cha chuma cha pua. Aluminiamu hailingani na chokaa, huliwa. Kalsiamu iliyo ndani ya chokaa hushikana na pektini, ile gundi ya asili ya tunda, na kuta zake zinakuwa imara. Ndiyo maana petha huchemka muda mrefu bila kupondeka, na ukiiuma inakatika kwa mlio huku ndani imejaa shira. Asubuhi vipande vinaoshwa kwa maji mengi, tena na tena, mpaka usisikie utelezi wa chokaa kwenye vidole. Hatua hii isifanyiwe haraka. Kisha vinachemshwa ndani ya maji matupu mpaka vianze kupitisha mwanga.

Shira nayo ina adabu yake. Shira nzito ikikutana na kipande ambacho bado kina maji yake, huyavuta nje haraka kuliko sukari inavyoweza kuingia, na kipande kinasinyaa na kukakamaa. Kwa hiyo jioni ya kwanza ni shira nyepesi. Kesho yake vipande vinaopolewa, shira inachemshwa peke yake ipungue, vinarudishwa. Hivyo hivyo siku inayofuata. Mwisho shira inafikishwa kwenye uzi mmoja: weka tone kati ya gumba na kidole cha shahada, vitenganishe taratibu, uone kama utatoka uzi usiokatika papo hapo. Mwenye kipimajoto atasoma kati ya nyuzijoto 105 na 110, lakini vidole hujifunza upesi kuliko unavyodhani. Tia maji ya waridi kijiko kimoja moto ukishazimwa, maana ukiyachemsha harufu yote inapaa na mvuke.

Ukikata vipande vidogo sana, vya ukubwa wa punje ya hindi, ukavipa rangi, unapata vile vya kutia kwenye keki na mikate mitamu. Viwanda vya India huvitengeneza zaidi kwa papai bichi. Weupe wa tikitimaji hufanya kazi ileile, na kwa maoni yangu ni laini zaidi mdomoni.

Fenesi lilinipa somo la aina nyingine. Kuelekea mvua za monsuni jamaa za Aji walikuwa wakija kutoka Konkan na mafenesi, na nyumba nzima ikanuka kuanzia ngazini. Fenesi moja kubwa huweza kuwa na mbegu zaidi ya 100. Watu wa Konkan huzichemsha kwa chumvi au huzitia kwenye mchuzi, na huko Kerala, jimbo lililotangaza fenesi kuwa tunda lake rasmi mwaka 2018, wapo wanaozipikia payasam, uji wao mtamu, pamoja na tui la nazi na sukari guru. Mbegu hizi hazifanani hata kidogo na ganda la tikitimaji. Hazina maji ya kukamua, zina wanga, na zikiiva huwa na ladha iliyo karibu na ya viazi na karanga kwa pamoja. Kwa hiyo ndugu yao ni halwa ya lozi na halwa ya choroko, zile ambazo kazi yote ni kukaanga rojo ndani ya samli mpaka likomae.

Zisiliwe mbichi, maana zina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini, na moto ndio unaoviondoa. Zichemshe mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Menya lile ganda jeupe gumu. Ngozi nyembamba ya kahawia unaweza kuiacha, itakupa rangi tu. Gramu 300 za mbegu zinasagwa na kikombe kimoja cha maziwa, laini kabisa. Weka vijiko vitano vya samli karaini, mimina rojo, na ujiandae kwa mkono kuchoka. Mwanzoni rojo litainywa samli yote, utadhani imepotea. Usiongeze. Endelea kugeuza kwa moto mdogo, rojo litakuwa donge, donge litaanza kulegea, kisha samli itarudi yenyewe. Hapo harufu inabadilika, inakuwa kama ya karanga zilizokaangwa, na watu wa nyumba wataanza kuchungulia jikoni.

Mimi hupenda kuitamisha kwa sukari guru, gramu 150, kwa sababu ladha yake nzito inalingana na mbegu. Lakini sukari guru ina uchachu wake, na ikikutana na maziwa yanayochemka huweza kuyakata. Iponde, uitie maziwa yakishakauka kabisa, au epua kwanza ndipo uichanganye. Nyunyiza iliki na kungumanga kidogo. Kati ya vyote ninavyopika kutokana na mabaki, hiki ndicho ninachowapa wageni bila kuwaambia kwanza kilitokana na nini.

Nanasi ni fupi kulieleza. Moyo wake mgumu na maganda yake bado yana manukato, ila moyo una kimeng'enya cha bromelaini kinachovunja protini, na ukiutia mbichi ndani ya maziwa utapata uchungu. Moto hukimaliza nguvu. Karnataka na majimbo jirani kuna mithai ya suji na nanasi, na hiyo ndiyo njia ya kufuata, kwa sababu haihitaji maziwa hata tone. Osha nanasi vizuri kwa brashi kabla ya kulimenya. Chemsha maganda kwa maji, chuja, na maji hayo ndiyo ya kupikia suji. Moyo unakwaruzwa, unapikwa na maji kidogo mpaka ulainike, ndipo sukari iingie. Suji inakaangwa kando kwa samli mpaka inukie, halafu vyote vinakutana. Zafarani kidogo, korosho na zabibu kavu zilizokaangwa, basi.

Machenza yananipa furaha kuliko yote, na sababu yake inastahili kuelezwa. Nagpur, mji ulio mashariki mwa Maharashtra, unajulikana India nzima kwa machenza yake na kwa barfi, mithai ya maziwa inayokatwa vipande, inayotiwa chenza. Anayetaka kupika barfi ya maziwa kwa maji ya tunda hili hukumbana na asidi: maziwa hukatika. Ganda halina shida hiyo. Harufu ya chenza imo ndani ya vijifuko vya mafuta vilivyo kwenye ngozi, na mafuta hayo hayakati maziwa. Kwa mithai ya maziwa, kile kinachotupwa kina faida kuliko kile kinacholiwa.

Tatizo la ganda ni uchungu, na dawa yake ni maji. Kwangua utando mweupe wa ndani kwa kijiko, chemsha ganda dakika chache, mwaga maji, weka mengine, rudia, halafu rudia tena, kisha onja. Chenza lenye ngozi nyembamba huridhika upesi. Chungwa lenye ngozi nene linataka zaidi. Usichemshe mpaka harufu yote iishe, bakisha uchungu kidogo, kwa maana sukari bila uchungu hata kidogo huchosha ulimi.

Aji hakuyatia maganda haya kwenye maziwa. Aliyatia kwenye vadi ya nazi, mithai ya kila siku ya watu wa Konkan: nazi iliyokunwa na sukari, kiasi sawa kwa sawa, kwa mfano gramu 200 kwa 200. Unaongeza vijiko viwili vya maganda yaliyochemshwa na kusagwa, unapika kwa moto wa wastani mpaka mchanganyiko uachane na karai na kuufuata mwiko. Ukitaka kujua kama imefika, chukua kidogo, kipoe, kiviringe kati ya vidole. Kikikaa kidonge bila kunata, epua mara moja. Ukichelewa hata kidogo, sukari inarudi punje na vadi itamomonyoka. Mimina kwenye sinia iliyopakwa samli, sawazisha kwa sehemu ya chini ya bakuli, kata ikiwa bado ina uvuguvugu. Alivyokata Aji, vipande vilitoka vya pembe nne za mshazari, vyote sawa, na hakutumia rula.

Si kila kinachobaki kinafaa karaini, na hapa niseme wazi. Mbegu za tikitimaji huliwa sana kwenye mithai na vinywaji vya Kihindi, zikichanganywa na za tikiti jingine, boga na tango, lakini kuzimenya moja moja nyumbani ni kazi isiyolipa. Zikaange zikiwa na maganda yake uzitafune hivyo. Ganda la ndizi nimelionja kwenye halwa iliyopikwa na mpishi mzuri, bado likawa na weusi na ladha ya udongo. Sina haja nalo. Kokwa ya embe nakwangua nyama iliyoshikilia na kuiosha kwa maji kidogo, maji hayo ni matamu mno kwenye barfi ya embe, lakini mbegu iliyo ndani ya kokwa siigusi, ina ukakasi mkali. Ngozi ya embe nayo ina utomvu unaowawasha baadhi ya watu midomo, hivyo siwapikii wengine. Na mbegu za aprikoti, pichi, cheri na tufaha zisitumiwe kabisa kwa kudhani zitakuwa lozi. Zina kitu kinachogeuka sianidi tumboni. Huo ni mpaka usiovukwa.

Jambo jingine la lazima ni kuosha. Tukila nyama ya tunda tunasahau kwamba dawa za shambani na nta za kung'arishia hubaki kwenye ngozi. Ganda linalokwenda karaini linasuguliwa kwa maji ya uvuguvugu kabla tunda halijakatwa, na lile ambalo najua lilipakwa nta naliacha. Halwa ya ganda na ile ya mbegu za fenesi zina maziwa, kwa hiyo kwenye friji nazila ndani ya siku tatu au nne. Vadi hukaa wiki nzima kwenye kopo lililofungwa, na petha iliyokaushwa vizuri hukaa zaidi ya hapo.

Siku hizi nahangaika na balungi. Lile sifongo jeupe lililo chini ya ngozi yake ni nene kuliko ganda la tunda lolote ninalolijua, na kwa umbile lake naamini ni ndugu wa petha. Uchungu wake unatoka kwa kuchemsha na kumwaga maji, ukilikamua kila mara kabla ya kulirudisha. Kilichonishinda hadi sasa ni ulaini: linanywa shira upesi mno, likajaa, kisha likalegea. Nimeanza kulilaza kwenye maji ya chokaa baada ya kuchemsha badala ya kabla, na vipande vya karibuni vimesimama vizuri zaidi, ingawa katikati bado vina uchungu. Aliyewahi kulifanikisha nitamsikiliza kwa moyo wote.